Pilipili manga: Bei ya leo isikupeleke mbio shambani

Bei ya pilipili manga haipangwi huku kwetu mashambani, Muheza wala Matombo. Kwa kiasi kikubwa inapangwa Vietnam, nchi inayotoa zaidi ya theluthi moja ya pilipili manga yote duniani. Mkulima anayetaka kuongeza shamba mvua zijazo na aanze kwa kutazama yaliyowapata wakulima wa huko.

Mwaka 2015 Vietnam iliuza pilipili nje kwa wastani wa zaidi ya dola 9,000 kwa tani. Wakulima wakachangamka, wengi wakang'oa kahawa na kusimamisha nguzo za zege za kupandishia pilipili. Serikali yao ilikusudia hekta 50,000 tu. Kufikia 2017 zilikuwa takribani 150,000. Mmea huu huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo mimea yote iliyopandwa wakati wa neema ilizaa kwa pamoja. Soko likafurika, na mwaka 2020 wastani ukaporomoka hadi dola 2,300 hivi. Katika eneo la Chu Se, mkoani Gia Lai, mashamba mengi yalikauka kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, wenye mashamba wakabaki na madeni.

Ndipo wengi wakahamia matunda ya doriani na kurudi kwenye kahawa. Pilipili ikaadimika, bei ikapanda tena. Mwaka 2024 Vietnam ilisafirisha tani 250,000 hivi, pungufu kuliko mwaka 2023, lakini ikapata zaidi ya dola bilioni 1.3, wakati mwaka uliotangulia haikufikisha bilioni moja. Bei hii imeletwa na uhaba, nao uhaba huisha watu wakishapanda.

Basi fanya hivi.

Kwanza, piga hesabu kwa bei ya chini. Mavuno ya mche wa leo utayauza miaka mitatu au minne ijayo. Kama shamba litakulipa hata kwa nusu ya bei ya sasa, panda. Kama halitalipa, acha. Usikope kwa kutegemea bei ya msimu huu, wala usifyeke mdalasini, karafuu au migomba. Mazao hayo ndiyo yatakayokulisha pilipili ikishuka.

Pili, ukipanda, chagua mahali pasipotuama maji, na upandishe pilipili kwenye miti hai kama glirisidia. Chukua vipando kwenye shina lenye afya. Punguza matawi ya miti hiyo ya kupandishia mvua zinapoanza, ili mwanga upenye na unyevu usikae kwenye majani.

Tatu, usivune changa kwa kuogopa wezi au kwa haraka ya fedha. Subiri punje moja mbili katika kishada ziwe nyekundu. Bana punje kavu kwa vidole: iliyokomaa ni ngumu na nzito, changa husagika ikawa vumbi. Wanunuzi wakubwa hujaza kipimo cha lita moja na kukipima uzito. Pilipili ya gramu 550 hulipwa vizuri kuliko ya 500. Ukishapukuchua, chovya punje kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha anika juu ya turubai au kichanja, mbali na kuku na mbuzi. Kausha hadi unyevu usizidi asilimia 12. Usikaushe kwa moshi, kwa kuwa soko la Ulaya hukataa mizigo yenye mabaki ya moshi, kama inavyokataa yenye vijidudu vya salmonela.

Nne, uza kwa mafungu. Pilipili iliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika. Vietnam huvuna kwa wingi kati ya Februari na Aprili, na mzigo wake mpya unaweza kubana bei. Fuatilia kipindi hicho kabla ya kufungua magunia yote. Na akija anayetaka kununua mbichi, kumbuka kilo tatu mbichi hutoa takribani kilo moja kavu. Zidisha bei yake mara tatu, ndipo ulinganishe.

Bei itapanda na kushuka bila kutuuliza, lakini punje nzito, safi na kavu hupata mnunuzi katika hali zote mbili. Kabla ya kutafuta fedha za miche mipya, tafuta fedha za turubai, na umwite bwana shamba akague mashina uliyo nayo.