Programu ya taimingi za RAM ikigoma: vidokezo 10 vya kuinusuru kompyuta yako

Umesikia kwamba RAM uliyonayo inaweza kufanya kazi haraka zaidi bila kununua nyingine. Ukapakua programu ya kurekebisha taimingi, ukaifungua, mambo yakaenda mrama: haifunguki, au inafunguka lakini namba hazibadiliki, au kompyuta imeganda na kuleta skrini ya bluu. Usikimbilie kupiga Windows upya, wala usiitupe RAM. Matatizo ya programu hizi yanajirudia, na mengi yana dawa.

Taimingi ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM inasubiri kabla ya kutimiza agizo. Ukiona 16-18-18-38, namba ya kwanza ni CL, kisha tRCD, tRP na tRAS. Ukizipunguza, RAM inajibu mapema. Ukizipunguza kupita uwezo wake, inajibu makosa. Basi twende hatua kwa hatua.

1. Nakili mafaili yako kwanza

RAM ikikosea haipigi kelele. Kila faili unalofungua hupita ndani yake kabla ya kurudi kwenye diski, kwa hiyo picha ya harusi au hesabu za duka zinaweza kuhifadhiwa zikiwa zimeharibika bila wewe kuona chochote. Weka nakala kwenye diski ya nje, kisha uichomoe kabisa. Kama diski yako inalindwa na BitLocker, andika pembeni ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS, Windows inaweza kukudai ufunguo huo, na usipokuwa nao umejifungia nje ya mafaili yako mwenyewe.

2. Hakikisha programu inaijua kompyuta yako

Taimingi huandikwa kwenye kidhibiti cha RAM. Zamani kidhibiti hiki kilikaa kwenye chipseti ya mazabodi. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 ilipotoa Athlon 64, na Intel ikafuata mwaka 2008 kwa Core i7 za kwanza. Ndiyo maana kila programu ina ukoo wake. MemSet iliandikwa kwa ajili ya mashine za Intel, A64 Tweaker ni ya Athlon 64, na ZenTimings ni ya Ryzen. Hiyo ya mwisho kazi yake ni kukuonyesha namba tu, haizibadilishi. Ukitafuta kitufe cha kuhifadhi usikione, ujue programu ni nzima, ila hukuwa na sababu ya kukitafuta humo. Soma orodha ya prosesa na chipseti zinazokubalika kabla ya kupakua, na upakue kwa mtengenezaji mwenyewe.

3. Haifunguki? Angalia ruhusa, kisha draiva

Bofya kulia juu ya programu, uifungue kama msimamizi. Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa kidhibiti cha RAM, hivyo bila ruhusa hiyo itafunga mlango au itakuonyesha visanduku vitupu.

Ikigoma tena, chanzo huenda ni draiva. Programu hizi hutumia draiva ndogo inayoingia hadi kwenye kiini cha Windows, na programu nyingi za zamani zilibeba draiva ambazo leo zinahesabiwa kuwa na mianya. Mfano ni WinRing0, iliyotumika kwa miaka mingi katika programu za kupima na kurekebisha vifaa, ambayo mwaka 2025 Microsoft Defender ilianza kuitambua kama tishio. Windows 11 nayo ina orodha ya draiva inazozikataa. Ushauri wangu ni huu: usizime ulinzi wa kompyuta ili programu ya zamani ifunguke. Mlango ule ule unaoifungulia unawafungulia na wezi. Tafuta toleo jipya, au fanya kazi hiyo ndani ya BIOS.

4. Soma namba zilizopo kabla ya kuandika mpya

Fungua CPU-Z, ambayo ni ya bure. Ukurasa wa Memory unaonyesha RAM inavyofanya kazi sasa hivi. Ukurasa wa SPD unaonyesha kilichoandikwa kiwandani kwenye chipu ndogo iliyoko juu ya stiki yenyewe. Piga picha kurasa zote mbili kwa simu. Siku mambo yakiharibika, picha hizo ndizo zitakuonyesha njia ya kurudi.

Usishtuke ukiona MHz 1600 wakati stiki imeandikwa 3200. DDR husafirisha data mara 2 kwa kila pigo la saa, kwa hiyo 1600 kwenye CPU-Z ndiyo 3200 ya kwenye boksi.

5. Namba zimekataa kubadilika? Kuna sababu

Kompyuta ikiwashwa, BIOS huizoesha RAM kwa namba ilizopewa kabla Windows haijaanza. Kwenye mashine nyingi za sasa, taimingi kubwa kama CL hazibadiliki tena baada ya hapo. Lazima uziweke BIOS na kuwasha upya. Laptopu nyingi zimefungwa kabisa, hata BIOS yake haina ukurasa wa taimingi, na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Kwa wenye Ryzen kuna jambo jingine. Umeweka CL 15, kompyuta imewaka na 16. Angalia mpangilio uitwao Gear Down Mode. Ukiwa umewashwa, CL ya namba witiri hupandishwa hadi namba shufwa inayofuata. Hakuna kilichoharibika.

6. Jaribu XMP au EXPO kabla ya kuhangaika

Watu wengi wanatafuta programu ilhali kasi wanayoitaka wameshailipia, ila imelala. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 inaweza kuwa inatembea kwa 2133 au 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha mpangilio wake. Intel ilileta XMP mwaka 2007, AMD ikaleta EXPO mwaka 2022 kwa ajili ya DDR5. Vyote viwili ni taimingi, kasi na volti zilizopimwa na mtengenezaji wa RAM na kuandikwa kwenye stiki. Ingia BIOS, chagua XMP au EXPO, hifadhi, washa upya. Wasomaji wengi wanaweza kuishia hapa na kuridhika.

7. Badili namba moja, upime, ndipo uguse nyingine

Ukibadili namba 5 kwa pamoja kompyuta ikaganda, hutajua mkosaji ni nani. Bandu bandu huisha gogo. Punguza CL kwa 1, pima, andika kwenye daftari, endelea.

Na usidanganywe na udogo wa namba. Muda halisi unapatikana hivi: zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa kasi ya RAM. DDR4 ya 3200 yenye CL 16 inasubiri nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL 18 nayo inasubiri nanosekunde 10. Ya 2666 yenye CL 19 inasubiri nanosekunde 14.25. Namba ndogo peke yake haina maana mpaka uijue kasi.

Angalia pia tRFC, muda ambao RAM inautumia kujiburudisha ili isisahau ilichobeba. Kwa chipu za DDR4 za gigabiti 8, kiwango rasmi ni nanosekunde 350. Kwa kasi ya 3200 hayo ni mapigo 560. Ukipandisha kasi bila kuongeza mapigo hayo, umeipunguzia RAM muda wake bila kujua.

8. Ikiganda ukiwa ndani ya Windows, zima kabisa

Hapa kuna habari njema. Namba ulizoweka kwa programu ya Windows hazikai kwenye stiki wala kwenye BIOS. Ukizima kompyuta na kuchomoa waya wa umeme kwa muda, zinapotea, na ikiwaka inarudi kwenye namba za BIOS.

Hatari ni pale ulipoiagiza programu iweke namba hizo kila Windows inapoanza. Kompyuta itawaka, itaganda, itawaka, itaganda. Dawa yake ni kuingia Windows kupitia Safe Mode, ambako programu za kuanza zenyewe hazifunguki, kisha uifute programu hiyo au uondoe alama yake. Ndiyo maana nasisitiza: usiweke alama ya kuanza yenyewe kabla hujamaliza kidokezo cha 10.

9. Ikikataa kuwaka baada ya kugusa BIOS, ipe muda kwanza

Skrini nyeusi haimaanishi kifo. Mazabodi nyingi hujaribu namba mpya mara kadhaa, kisha hurudi zenyewe kwenye namba salama. Mashine za DDR5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa kuizoesha RAM mara ya kwanza. Kaa, subiri, usichomoe.

Kama umesubiri robo saa bila dalili, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa betri ya duara ya volti 3, CR2032, kwa dakika 5. Mazabodi nyingine zina pini 2 au kitufe cha kazi hiyo hiyo, angalia kitabu chake. BIOS itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikikataa bado, acha stiki moja tu na ujaribu tena.

10. Pima usiku kucha, na upime penye joto

Kompyuta kuwaka hakuthibitishi kwamba RAM iko salama. Weka Memtest86+ kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, iache ipime mizunguko kadhaa usiku kucha. Umeme ukikatika katikati hakuna hasara, kwa sababu kipimo hiki hakiandiki kwenye diski. Unaanza upya tu.

Rudia kipimo mchana wa jua kali, chumba kikiwa na joto unalofanyia kazi kila siku. Chaji ndani ya RAM huvuja haraka zaidi joto linapopanda. Ndiyo maana kiwango cha DDR4 kinaitaka iburudishwe kila mikrosekunde 7.8, na kila nusu ya muda huo ikipita nyuzi 85. Namba zilizofaulu saa 10 usiku zinaweza kushindwa saa 8 mchana.

Kipimo kikionyesha kosa hata 1, rudi nyuma hatua moja kwenye daftari lako na upime tena. Usijiambie kwamba kosa 1 si kitu, maana hilo moja linaweza kuangukia kwenye faili usiloweza kulipata tena. RAM inayokumbuka sawasawa ni bora kuliko RAM ya haraka inayosahau. Pima, ndipo uiamini.