Kabla ya Kununua GPS, Jifunze Kusema Uko Wapi

Chukulia kwamba vijana wanne wamekwenda kuvua kwa burudani nje ya mwamba wa Nyali. Injini imezimika, jua linatua na maji yanawavuta. Mmoja ana kifaa cha GPS mkononi, simu yake bado ina mtandao, na anasoma kilichoandikwa kwenye kioo: "Nne, sifuri mbili nukta nne, kusini. Thelathini na tisa, arobaini na nne nukta nne, mashariki." Upande wa pili wa simu, msikilizaji anaandika 4.024 na 39.444. Kifaa ni kizima, msomaji hakukosea na msikilizaji ana nia njema. Hata hivyo, nambari alizoandika ziko nchi kavu, bara ya Kwale kati ya Mariakani na Kinango, zaidi ya kilomita 30 kutoka kwenye mashua.

Mfano huu tumeutunga, lakini kosa lenyewe hutokea kwa urahisi sana. Wakazi wengi wa Mombasa siku hizi hutembea msitu wa Shimba Hills, hupiga makasia katika mikoko ya hori ya Tudor, huendesha baiskeli hadi Kilifi au huvua wikendi. Wengi huuliza wanunue GPS gani. Somo hili linajibu swali hilo, lakini linaanza na jambo linalopaswa kutangulia bei: kifaa, ramani na mtu atakayekutafuta lazima vizungumze lugha moja.

Kifaa hufanya nini, na hakifanyi nini

GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani. Setilaiti zake huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako husikiliza matangazo ya angalau setilaiti nne, hupima muda yaliyochukua kufika, kisha hukokotoa mahali ulipo. Vifaa vingi vya sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hilo husaidia palipo na miti mirefu au majengo yaliyobanana. Mahali penye anga wazi, kifaa cha kawaida hukosea kwa mita chache tu.

Neno la kukumbuka hapo ni "husikiliza". GPS ya kawaida ya mkononi haimwambii mtu mwingine yeyote ulipo. Ukizama nayo au ukipotea nayo, hakuna ofisi inayoona alama yako. Ili habari zako zifike kwa wengine unahitaji simu yenye mtandao, redio ya baharini ya VHF, ambayo chaneli yake ya dharura ni 16, au kifaa maalum cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Vifaa vya aina hiyo ya mwisho huwa na ada ya kila mwezi au mwaka. Kabla ya kukinunua, ulizia kama aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Simu au kifaa maalum?

Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS ndani, nacho hufanya kazi hata bila mtandao wala bando. Kinachohitaji bando ni ramani. Ukipakua ramani nyumbani kabla ya safari kupitia programu kama OsmAnd au Organic Maps, zinazotumia ramani huria ya OpenStreetMap, utaweza kuitumia ndani ya Shimba Hills bila mtandao. Kwa matembezi ya mchana katika njia zinazojulikana, simu yenye ramani iliyopakuliwa, pamoja na betri ya akiba ya kuchajia, inatosha. Usitumie pesa usizonazo.

Kifaa maalum kina faida mahali ambapo simu hushindwa. Kioo chake husomeka juani. Vitufe vyake hubonyezeka kwa kidole kilicholowa maji ya chumvi. Vifaa vingi hutumia betri ndogo za AA zinazouzwa madukani, kwa hivyo unaweza kubeba jozi ya akiba mfukoni. Zaidi ya hayo, hukuwezesha kuitunza chaji ya simu kwa kazi yake muhimu, yaani kupiga simu.

Ukiamua kununua, mambo matano yatakuongoza.

1. Maji. Tafuta alama ya IPX7 au zaidi. IPX7 maana yake kifaa kilijaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Alama hiyo haisemi kwamba kitaelea. Baadhi ya vifaa vya wavuvi huelea, vingine huzama kama jiwe. Uliza, na hata hivyo kifunge kamba. Kila urudipo kutoka baharini, kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

2. Betri. Soma saa zilizoandikwa kwenye boksi kisha uchukulie kwamba utapata pungufu. Taa ya kioo na setilaiti za mifumo mingi hula chaji.

3. Ramani. Uliza ni ramani gani iliyomo ndani na kama unaweza kuongeza nyingine. Vifaa vya bei ya chini huja na ramani ya dunia yenye barabara kuu tu, na ukifika msituni kioo huwa kitupu.

4. Lugha ya nambari. Hakikisha kifaa hukuruhusu kubadili namna ya kuandika mahali na msingi wa ramani. Tutaeleza yote mawili hapa chini.

5. Umri. Vifaa vya mitumba huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani tangu hapo huonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali huweza kuwa sahihi, lakini saa za machweo na za maji zitakuwa za uongo.

Kabla ya kulipa, toka nje ya duka na kifaa, simama palipo wazi na usubiri. Kifaa kilichozimwa muda mrefu huweza kuchukua dakika kadhaa kupata setilaiti, na hilo si ubovu. Angalia tarehe. Angalia saa pia: kisiporekebishwa huenda kikaonyesha saa ya dunia, ambayo iko saa tatu nyuma ya yetu. Kikikuonyesha 10:00 ilhali saa ya ukutani ni saa saba mchana, kirekebishe kwanza.

Ramani ya karatasi bado ina kazi

Idara ya Upimaji ya Kenya, Survey of Kenya, huchapisha ramani za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Zinaonyesha vilima, mito na mabonde kwa namna ambayo kioo kidogo hakiwezi. Haziishi chaji. Udhaifu wake ni kwamba nyingi zilichorwa miongo mingi iliyopita, hivyo barabara mpya na mitaa mipya haimo.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Kila ramani hujengwa juu ya msingi wa vipimo, yaani makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kuhesabu. Ramani za karatasi za Kenya zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960. GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Hapa kwetu Pwani, tofauti ya misingi hiyo miwili ni kati ya mita 250 na 300. Kwenye ramani ya 1:50,000 ni kama nusu sentimita tu, lakini msituni ni upande wa pili wa bonde, na baharini ni tofauti kati ya mlango wa mwamba na mwamba wenyewe.

Dawa yake ni rahisi. Soma pembezoni mwa ramani uone msingi wake. Ikiwa ni Arc 1960, ingia kwenye mipangilio ya kifaa uchague Arc 1960 wakati unapotumia ramani hiyo. Ukimaliza, rudisha WGS 84, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na simu za wenzako na ndiyo inayotarajiwa na waokoaji.

Kwa wanaokwenda baharini, ramani ya barabara haitoshi hata kidogo. Haionyeshi kina, wala mwamba, wala mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, ambamo uvuvi umekatazwa. Tumia ramani ya bahari, na uisome pamoja na jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Njia uliyoihifadhi kwenye GPS asubuhi maji yakiwa yamejaa, jioni huenda ikakupitisha juu ya matumbawe makavu. Kifaa kitaendelea kukuonyesha mstari ulionyooka. Nahodha mwenyeji atakwambia usubiri. Msikilize nahodha.

Mahali pamoja, maandishi matatu

Sasa turudi kwenye mashua yetu. Mahali pale pale panaweza kuandikwa hivi:

Digrii pekee: 4.0400 S, 39.7400 E
Digrii na dakika: 4°02.4′ S, 39°44.4′ E
Digrii, dakika na sekunde: 4°02′24″ S, 39°44′24″ E

Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Ndiyo maana dakika 2.4 si 0.024 ya digrii, bali ni 0.04. Kijana wetu alisoma mstari wa pili, na msikilizaji akauandika kama wa kwanza. Katika latitudo walipishana kwa karibu kilomita 2, na katika longitudo kwa karibu kilomita 33.

Herufi ya mwisho nayo ina uzito. S ni kusini ya ikweta, E ni mashariki. Baadhi ya programu huandika alama ya kutoa mbele ya nambari badala ya S. Ukiiacha, mahali panahamia kaskazini kwa karibu kilomita 900, ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia.

Kwa simu na redio, sema kila kitu kwa jina lake: "Digrii nne, dakika mbili nukta nne, kusini. Digrii thelathini na tisa, dakika arobaini na nne nukta nne, mashariki." Kisha mwombe aliyeandika akusomee alichoandika. Ikiwa unatumia digrii pekee, soma tarakimu nne baada ya nukta, kwa sababu tarakimu mbili humweka mwokoaji ndani ya eneo la kilomita moja, na nne humleta ndani ya mita 11 hivi. Mwisho, ongeza alama ya macho: "Tunaona minara ya hoteli upande wa magharibi." Wavuvi wetu wamepata milango ya mwamba kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu tangu kabla ya setilaiti kuwepo, na maarifa hayo bado yanaokoa watu.

Zoezi la Jumamosi moja

Wazee wa mji husimulia kwamba misafara ya kwenda bara ilikusanyikia Mwembe Tayari kabla ya kuanza safari. Nasi tuanzie hapo. Simama karibu na sanamu ya Askari katika barabara ya Jomo Kenyatta, pembeni mbali na magari. Subiri kifaa kitulie, kisha hifadhi mahali hapo kwa jina "NYUMBANI".

Tembea hadi Mji wa Kale, uingie vichochoroni. Tazama jinsi alama yako inavyorukaruka: kuta ndefu huziba anga na kurudisha mawimbi, na kifaa hudanganyika. Toka hadi Fort Jesus palipo wazi, uone kinavyotulia. Hapo andika mahali ulipo kwa maandishi yote matatu, mpigie mwenzako aliye nyumbani na umsomee moja tu. Mwombe aliingize kwenye ramani ya simu yake akwambie anaona nini. Akisema "Fort Jesus", mmefaulu. Akisema Kinango, rudieni. Mwisho, agiza kifaa kikurudishe "NYUMBANI" na ukifuate kwa miguu.

Kabla ya safari yoyote, mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye mambo manne: mnakokwenda, mko wangapi, saa ya kurudi, na maandishi gani ya mahali mtakayotumia. Saa ikipita bila habari, apige 999 au 112, asingoje kupambazuka. Kwa ajali za baharini, taarifa huwafikia Walinzi wa Pwani na kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko hapa Mombasa, nao watauliza swali lile lile la kwanza: wako wapi? Jibu hilo liandaliwe nchi kavu, mkono ukiwa mkavu na moyo umetulia.