Fundi Anapimwaje?

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosomea ualimu, kuna mtihani mmoja nchini ambao mtahiniwa anaufanya akiwa na grisi mikononi. Ni upimaji wa kurasimisha ujuzi unaosimamiwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Unamhusu fundi magari aliyejifunzia gerejini: alianza kwa kushikia wenzake spana, akaosha vipuri, mwisho akaachiwa injini nzima.

Kwani huyu ana shida gani? Kazi anaijua, wateja anao. Shida inaanza akitaka kutoka mtaani kwake. Kampuni ikitangaza nafasi inataka cheti, naye hana. Kijana aliyekuja kwake kujifunza kwa vitendo anaitwa kwenye usaili, yeye aliyemwelekeza anabaki nje.

Upimaji wenyewe uko hivi. Fundi anajieleza: amefanya kazi gani, kwa muda gani. Kisha anatenda, mpimaji anaangalia. Chukua mfano wa gari linalochemsha. Aliyekariri atasema ongeza maji, basi. Fundi anafuata mpangilio: kiwango cha maji, mabomba yanayovuja, mfuniko wa rejeta, feni, themostati, pampu ya maji, mpaka gasketi ya silinda hedi.

Halafu linakuja swali la "kwa nini". Kwa nini usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto? Kila fundi anajua utaungua. Sababu ni presha: ikiwepo, maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inashuka ghafla, yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Mara nyingi mikono inajua, maelezo ndiyo pungufu. Basi mtu afundishwe hilo pengo, si kurudishwa kwenye somo la kwanza la kushika spana. Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi 3, kwa hiyo akishaingia ana pa kupanda.

Cheti hakimalizi kila kitu. Siku ya kupimwa ni siku isiyo na hesabu ya jioni. Tena magari yanabadilika. Leo kompyuta ya gari inasomwa kabla ya boneti kufunguliwa. Marekani, vyeti vya ASE vya mafundi magari vinadumu miaka 5, kisha unathibitisha upya.

Sisi walimu watarajiwa tunazoea kumpima mtu kwa kile asichokijua. Mpimaji wa gerejini anaanza na anachokijua, ndipo anatafuta pengo. Nadhani darasani kwetu ingefaa iwe hivyo pia.

Kama unamjua fundi wa aina hii, mwelekeze ofisi ya VETA iliyo karibu. Akikwama kwenye fomu, si tupo? Kujaza fomu ndiyo kazi tuliyoizoea tangu maombi ya mkopo.