Chanjo kwa Mtoto Aliyepona Ugonjwa wa Kawasaki

Ugonjwa wa Kawasaki huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, na jina lake linatokana na Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani aliyeueleza mwaka 1967. Homa hukaa siku 5 au zaidi, macho huwa mekundu bila tongotongo, midomo hupasuka. Kwa baadhi ya watoto hata kovu la BCG huvimba upya. Kinachoogopwa ni kutanuka kwa mishipa inayolisha moyo. Kwa hiyo mtoto hutundikiwa dripu ya kingamwili, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, na kupewa aspirini.

Kinachovuruga ratiba ya chanjo ni dripu hiyo, wala si ugonjwa. Kingamwili zake hutolewa katika damu iliyochangwa na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa na kinga ya surua. Chanjo ya surua-rubela nayo ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na mwili hauwezi kuvizoea visipozaliana kidogo. Vikikuta kingamwili za kuazima vinamalizwa mapema: sindano imechomwa, kinga haipo. Mwongozo wa Marekani unataka kungoja miezi 11 tangu siku ya dripu. Japani hungoja 6. Hospitali iliyomtibu mtoto ndiyo ya kupanga tarehe.

Tanzania na Kenya surua-rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Mtoto aliyepewa dripu akiwa na miezi 7, kwa hesabu ya miezi 11, atapata dozi ya kwanza akiwa na miezi 18. Hapo kadi huwakanganya wengi, maana bado anadaiwa ya pili. Surua ikizuka mtaani hangojeshwi. Huchanjwa, kisha hurudiwa muda ukitimia. Chanjo ya tetekuwanga hufuata kanuni hiyohiyo.

Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ile ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, huendelea kama kawaida. Matone ya polio na ya rota pia hayaathiriwi na dripu.

Mtoto anayeendelea na aspirini kwa miezi mingi huhitaji chanjo ya mafua makali, ile ya sindano, kila mwaka. Mafua hayo au tetekuwanga vikikutana na aspirini mwilini, huweza, ingawa ni nadra, kuleta ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini. Dalili za mafua hayo au za tetekuwanga zikianza, daktari hupigiwa simu siku hiyohiyo. Aspirini haikatizwi kiholela nyumbani, kwani ndiyo inayozuia damu isigande kwenye mishipa ya moyo.