Jibu Huanzia Kwenye Chupa ya Formalini: Upimaji wa Jeni na Protini katika Saratani ya Matiti

Mgonjwa wa saratani ya matiti anapopokea majibu ya maabara, hukuta vifupisho vitatu vyenye uzito mkubwa: ER, PR na HER2. Mbele ya kila kimoja huandikwa chanya au hasi. Majibu hayo ndiyo huamua iwapo atapewa vidonge vya tamoxifen kwa miaka mitano au zaidi, iwapo anafaa kupewa trastuzumab, au iwapo msingi wa tiba yake ya dawa utakuwa tibakemia. Makala haya yanaeleza kinachopimwa, na sababu ya usahihi wa jibu kumtegemea hata mhudumu anayeitia sampuli katika chupa.

Kutoka jeni hadi protini

Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zilezile, lakini haizitumii zote. Jeni ni maelekezo yaliyomo katika DNA. Seli inapoyahitaji, huyanakili kuwa RNA, na nakala hiyo husomwa ili kutengeneza protini, ambayo ndiyo hufanya kazi. Mfululizo huu huitwa udhihirikaji wa jeni.

Kwa hiyo mtaalamu anaweza kupima mambo matatu: idadi ya nakala za jeni, wingi wa RNA, au wingi wa protini. Vipimo hivi havilingani daima. RNA yaweza kuwa nyingi ilhali protini ni chache, kwa kuwa kila moja hutengenezwa na kuvunjwa kwa kasi yake. Ndiyo maana swali linaloulizwa huamua kipimo kinachofaa.

HER2 ni mfano mzuri. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni hii. Mwaka 1987, Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa katika baadhi ya wagonjwa seli za saratani ya matiti zina nakala nyingi mno za jeni hiyo, na kwamba ugonjwa wao ulikuwa mkali zaidi. Leo saratani za aina hiyo hukadiriwa kuwa asilimia 15 hadi 20 ya saratani zote za matiti. Trastuzumab, kingamwili inayoishika protini ya HER2, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Namna ya kupima

Tishu iliyohifadhiwa kwa formalini hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba sana. Juu yake humwagwa kingamwili zinazoitambua protini moja tu, na rangi ya kahawia hujitokeza mahali protini hiyo ilipo. Kwa ER na PR, ambavyo ni vipokezi vya homoni, rangi hutafutwa katika kiini cha seli. Asilimia 1 ya viini vya seli za saratani ikipata rangi, jibu ni chanya. Kwa HER2, rangi hutafutwa katika utando wa seli, na alama hutolewa kuanzia 0 hadi 3+. Alama ya 3+ ni chanya. Alama ya 2+ haitoshi kuamua, hivyo hufuatiwa na kipimo cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe.

Somo kutoka shambani

Mtafiti anayepima RNA katika jani la mmea hulizamisha katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mara tu anapolichuma. Anajua kwamba jani lililochumwa bado li hai: hulihisi jeraha, huwasha jeni nyingine na kuzima nyingine, na RNA yake huvunjika upesi. Akichelewa, atapima jeraha badala ya mmea.

Tishu ya binadamu nayo hubadilika. Tangu inapokatwa na kukosa damu, protini zake huanza kuharibika. Tishu iliyoachwa mezani mchana kutwa yaweza kutoa jibu hasi la ER ambalo si la kweli, na mwanamke akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia.

Kwa watoa huduma, mambo haya ni ya lazima:

1. Itie sampuli katika formalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa kemikali isiwe na asidi, ndani ya saa moja tangu ilipotolewa.
2. Formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu.
3. Titi lililoondolewa lote lipasuliwe vipande na mtu aliyefundishwa, kwa kuwa formalini hupenya polepole.
4. Andika saa ya kutoa tishu na saa ya kuitia katika formalini. Tishu ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72.

Mtaalamu wa patholojia naye hukagua vifereji vya kawaida vya titi vilivyo pembeni mwa saratani. Hivyo kwa desturi hupata rangi ya ER. Visipopata, jibu hasi halipaswi kuaminiwa, kipimo kirudiwe.

Kwa mgonjwa

Uliza iwapo vipimo vyote vitatu vimefanyika, na uitunze nakala ya majibu. Ukihamishiwa hospitali nyingine, ulizia pia kipande cha nta chenye tishu yako, kwa kuwa chaweza kupimwa tena hata baada ya miaka. Saratani ikirudi au ikijitokeza mahali pengine, muulize daktari kuhusu kupima upya, kwani hali ya vipokezi yaweza kubadilika.

Neno "hasi" lina maana mbili: huenda protini haikuwepo, au ilikuwepo ikapotea njiani kabla ya kufika maabara. Darubini peke yake haiwezi kuzitenganisha maana hizo daima. Saa iliyoandikwa kwenye chupa humsaidia daktari kujua ni ipi iliyo mbele yake.