Msalaba wa Kila Siku: Somo Nililopewa Chumbani kwa Bibi



Leo tutafakari neno dogo ambalo wengi tunaliruka. Fungua Mathayo 16:24, Marko 8:34 na Luka 9:23. Zote zina agizo lilelile la Yesu: kujikana nafsi, kubeba msalaba, kumfuata. Ila Luka anaongeza "kila siku". Kwa nini kila siku? Mtu hasulubiwi kila siku.

Mimi nilidhani jibu ninalo. Nikiwa likizo nyumbani Usangi, vijana wa VIWAWA kigangoni waliniomba niwafundishe juu ya msalaba. Nilijiandaa kweli kweli. Nikamtaja hata Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mfaransa aliyetofautisha tatizo na fumbo: tatizo liko mbele yangu, nalitazama na kulitatua, fumbo, mimi mwenyewe nimo ndani yake. Vijana wakapiga makofi. Nikapandisha mlima kurudi nyumbani nikijisikia vizuri.

Nyumbani bibi yangu yuko kitandani. Kiharusi kimempooza upande mmoja, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, atapata vidonda. Mama akaniita, "Baba, njoo tumgeuze bibi yako." Nikamjibu, "Mama, nimechoka, nimetoka kufundisha." Mama hakusema kitu. Baada ya muda nikasikia hodi. Jirani yetu, mama wa Kiislamu, akaingia, akamshika bibi mabegani, mama akashika miguu, wakamgeuza. Kisha akabeba ndoo ya mashuka akaenda kuyafua. Mimi niko chumba cha pili, daftari la somo la msalaba liko mezani.

Usiku ule usingizi haukuja. Kumbe mateso ya bibi nilikuwa nimeyafanya tatizo la kueleza, wakati ni fumbo ambalo nimo ndani yake, nitake nisitake.

Nikamkumbuka Simoni Mkirene, wa kituo cha 5 katika Njia ya Msalaba. Luka 23:26 inasema alikuwa anatoka shamba. Marko 15:21 inasema alilazimishwa. Alikuwa mpita njia tu. Wanafunzi walikuwa wameshakimbia (Marko 14:50), na aliyeingiza bega ni mgeni. Sisi wa milimani tunalielewa hili: mtu akikupokea mzigo njiani, mlima unabaki uleule, lakini unafika.

Hapa kuna maswali mawili ambayo vijana huniuliza.

Je, kila mateso ni msalaba? Hapana. Yesu hakuwaambia wagonjwa wakae na magonjwa yao, aliwaponya. Dada anayepigwa nyumbani asiambiwe "vumilia, huo ni msalaba wako". Huo ni uovu, na anahitaji kusaidiwa atoke. Bibi naye tunampeleka hospitali, tunamfanyisha mazoezi. Msalaba ni ule uzito unaokuja kwa sababu unapenda na umekataa kukimbia. Ndiyo maana ni wa kila siku: mtu unayempenda anakuhitaji leo, na kesho tena.

Je, kwa kuubeba tunajiokoa wenyewe? Hapana. Simoni aliubeba mti, lakini aliyekufa juu yake kwa ajili yetu ni Kristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 618, inafundisha kwamba sadaka ya Kristo ni ya pekee, lakini yeye mwenyewe anatushirikisha. Wokovu ni zawadi, haununuliwi kwa kumgeuza mgonjwa. Ila aliyeupokea hawezi kukaa na mikono mfukoni. Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya mateso, *Salvifici Doloris*, tarehe 11 Februari 1984, na sura inayotangulia hitimisho aliitoa kwa Msamaria Mwema. Yaani baada ya maelezo yote, anatupeleka kwa mtu aliyesimama njiani akamfunga mwenzake majeraha.

Saa kumi alfajiri niliamka kabla mama hajaniita. Sikujua hata pa kushika. Miaka yote ya falsafa, na bibi yangu sijui kumgeuza! Mama akanionyesha: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, taratibu. Asubuhi nikaenda kwa jirani kumshukuru. Akashangaa, "Kwani yule si bibi yetu sote?"

Zoezi la wiki hii: Nani nyumbani kwenu anabeba mzigo peke yake wakati wewe uko chumba cha pili? Usimpelekee mahubiri. Mpokee mzigo, hata kwa nusu saa.

Tusali: Ee Yesu, ulikubali kusaidiwa na mpita njia. Tuondolee aibu ya kusaidiwa na uvivu wa kusaidia. Leo utuonyeshe bega lililochoka karibu yetu, na kesho utuamshe tena. Amina.