Umeme wa Kidahwe ni wa msaada?

Swali: Hapa Kidahwe, Kigoma, twasikia umeme ni wa wafadhili. Bila wao tungebaki gizani?

Jibu: Msaada huharakisha ujenzi, lakini si wa kuegemea. Machi 2016 shirika la misaada la Marekani, MCC, lilisitisha mpango wa dola milioni 472 uliolenga umeme wa Tanzania, likitaja uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya mitandao. Bwawa la umeme la Malagarasi, megawati 49.5, lilipatiwa fedha na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2020, na fedha hizo ni mkopo. Mtasema dizeli iliyoendesha jenereta za Kigoma miaka mingi ilikuwa ghali zaidi. Kweli kabisa, ndiyo maana kukopa kulifaa. Ila deni hulipwa na umeme unaonunuliwa na viwanda: vinu vya mawese, mitambo ya barafu ya dagaa na migebuka. Wadaini viongozi wenu mpango wa viwanda hivyo.